Mwaka wa Mwisho wa Mikeka

Wajukuu wangu hunishauri niwasamehe watu waliokwisha kufa. Wanasema marehemu hasemwi. Huyu nitamsema, na nikimaliza nitapumzika kidogo, kisha nimseme tena. Alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, na alikuwa mmoja wa wazee watatu wa baraza la mwalo wetu wa Rumonge, pale ufukoni wavuvi wanapotua mitumbwi, enzi za Wadachi. Kama angekuwa mtu wa mbali aliyeninyang'anya kile alichoninyang'anya yeye, pengine leo ningekuwa nimesahau.

Kile chenyewe kilikuwa kipande kidogo cha ufuko. Pale mto unapoingia ziwani palikuwa na changarawe nyeupe, ndogo ndogo, iliyooshwa ikaoshwa tena, na upepo wa ziwa ulipita hapo mchana kutwa. Ukimwaga ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, asubuhi, jioni unazizoa zimekauka, zinalia mkononi, hazina mchanga hata chembe. Mama yangu alianika hapo, na mama yake kabla yake. Wachuuzi walioshuka kutoka milimani na maharage na mtama vichwani walivipita viwanja vingine bila kugeuka mpaka wafike kwangu. Nililisha watoto kwa changarawe ile. Mume wangu alikuwa mvuvi hodari, mtu wa maneno machache, lakini samaki wake bila mahali pazuri pa kuanikia walikuwa uvundo tu.

Baraza ndilo lililotunga sheria za mwalo: nani aanike wapi, mitumbwi ipandishwe upande gani, wageni wa kutoka Ubwari ng'ambo wauzie wapi, nguo za watoto zisifuliwe juu ya mahali pa kuteka maji. Na wazee wa baraza tuliwachagua wenyewe, kila mwaka mvua zikikatika. Siku hiyo walikaa wakitazama ziwa, kila mmoja peke yake, na kila nyumba ilipeleka mkeka mmoja na kuutandika nyuma ya mzee inayemtaka. Wazee hawakuruhusiwa kugeuka. Walisikia tu mikeka ikikung'utwa na kutandikwa nyuma ya migongo yao, wakakisia kama ni mingi au michache. Aliyepata michache kuliko wenzake aliinuka, akakunja wake, na mahali pake akaitwa mwingine. Kwa kuwa wanaume walirudi alfajiri kutoka kuvua, na saa hiyo walikuwa wakikoroma, waliobeba mikeka tulikuwa sisi wanawake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Usingizi wa wavuvi ndio uliotupa sauti.

Kwa hiyo wazee wale walikuwa watu wazuri ajabu. Mwanamke akijifungua, kuni zilifika kabla ya mkunga. Mtumbwi ukikwama, mzee wa baraza alikunja kanzu na kuingia majini pamoja na vijana. Jirani yangu aliwashinda wote. Mama yangu alipofariki, alishika jembe akachimba kaburi mwenyewe, na tuliporudi kutoka makaburini alikaa uani kwangu akalia. Alilia kuliko mimi. Nilimpa maji, nikambembeleza, mimi mfiwa nikambembeleza yeye. Tangu siku ile mkeka wangu ulikuwa wa kwanza kutandikwa nyuma yake, na niliukung'uta kwa nguvu ili ajue ni mimi nimefika.

Machozi yale ndiyo ambayo sijayasamehe. Uwanja nitakuja kuueleza, lakini machozi ndiyo yaliyoniuma.

Mwaka mmoja akaja bwana mkubwa wa Kidachi kutoka boma la Usumbura, na askari wake na mkalimani wake. Alifika siku yetu ya mikeka ikiwa inamalizika. Alisimama akatazama, akamwuliza mkalimani maswali, akacheka kidogo puani. Kisha tukaambiwa kwamba serikali imeona na serikali inashukuru, lakini mambo ya mikeka basi. Mvua zijazo zikikatika ataletwa akida, mtu anayejua kusoma na kuandika. Wazee hawa watatu wamalizie mwaka wao, halafu wakapumzike. Tulinung'unika chini chini. Wazee waliinamisha vichwa kama watu waliopewa habari ya msiba.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba wazee wetu, kwa kuwa ni mwaka wa mwisho, watatufanyia mema ya kuagana. Alikuwa akishona wavu. Alisema, "Tutaona."

Tuliona. Mzee wa kwanza, yule mnene mwenye michikichi mingi, alianza kusinzia barazani watu wakiwa bado wanasema. Baadaye hakuja kabisa. Ukimfuata shambani kwake, akiwa amekaa karibu na chungu cha mawese, alikuitikia, "Ego, ego, iko vizuri," kabla hujasema umekuja na shauri gani. Ukimwendea na mgomvi wako, nyote wawili mlirudi mmeshinda kesi.

Wa pili, yule mrefu, alitushangaza. Miaka yote alikuwa bwana ndiyo. Ukisema kuna mawingu ataona mawingu, mwenzako akisema kuna jua ataomba kivuli. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa ameziba njia ya kwenda kuteka maji kwa ua wa matete, na mzee huyu alipita hapo kila siku akiapa haoni ua. Mwaka ule alikwenda mwenyewe na panga akaukata. Tulimwuliza amepatwa na nini.

"Zamani nilikuwa naogopa mikeka ya ukoo wetu," alisema. "Sasa iko nini ya kuogopa? Mukeka hakuna tena."

Hakuishia hapo. Alitugeukia akatuambia kwamba sisi nasi hatukuwa na haki ya kulalamika, maana miaka yote tuliwachagua watu kwa kuni na ugoro. Wengi walimchukia kwa maneno hayo. Hata mimi nilimchukia, ingawa nilipita njia ile ile aliyoifungua, na mtungi kichwani.

Nimefikiri sana juu ya watu hawa. Zamani nilidhani ni wema wao uliotufanya tuwachague. Siku hizi nadhani ni kutuogopa kulikowafanya wawe wema, na kutuogopa huko huko ndiko kulikomfanya yule mrefu awe mwongo. Woga ulipoondolewa kila mtu alibaki na alichokuwa nacho ndani. Mnene alikuwa na usingizi.

Jirani yangu kwanza aliacha kusalimia. Zamani nikipita mlangoni kwake angesimama, "Amahoro, mwanangu, watoto wameamkaje?" Sasa alilitazama ziwa kama kwamba amepewa kazi ya kulilinda. Mama mmoja wa mtaani alifiwa na mtoto, naye hakwenda kuhani, ingawa nyumba ya msiba ilitazamana na mlango wake. Nilimtetea. Nilisema anaumwa mgongo. Nikikumbuka nilivyomtetea natamani nijipige kofi.

Kisha ikatoka sheria mpya. Mahali pale penye changarawe, pale mto unapoingia ziwani, patatumika tangu sasa kwa kuanikia samaki wa boma. Boma la Usumbura lilihitaji ndagala kavu kwa ajili ya askari, na aliyepewa kazi ya kuzipeleka alikuwa jirani yangu, mtunga sheria mwenyewe. Mzee mnene alikubali kutoka shambani kwake, pengine akiwa usingizini. Yule mrefu alikataa, akashindwa, wawili kwa mmoja. Asubuhi nilipofika na beseni langu la mti nilikuta watumishi wa jirani yangu wamekwisha kumwaga samaki. Mimi nilionyeshwa mahali pengine, nyuma, kando ya kinamasi cha mafunjo, mahali mbuzi wanapopita kwenda kunywa.

Nilikwenda barazani na wanawake wenzangu. Sikwenda kwa hasira, nilikwenda kama mtu anayekwenda kwa baba yake.

"Muzee," nilisema, "ule uwanja ni wa mama. Wewe mwenyewe ulimuchimbia kaburi."

"Mama yako alikufa," alijibu. "Serikali iko hai."

"Na mikeka yetu? Miaka yote tulikutandikia."

Hapo ndipo alipocheka. Aliwatazama askari wawili waliokuwa wamekuja kuchukua samaki, akataka wacheke pamoja naye, na wakacheka. "Mikeka yenu mulalie," alisema. "Hakuna mutu anaihesabu tena."

Wanawake walinishika mikono tukaondoka. Njiani mmoja alilia. Mimi sikulia, maana nilikuwa nikiyarudia maneno yale kimya kimya, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura, ili nisije nikakosea hata moja siku nitakapoyahitaji.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Kwenye kinamasi ndagala hazikukauka, zilichemka kwa unyevu na kugeuka rangi, na inzi walikuwa wengi kuliko samaki. Wachuuzi wa milimani walikuja, wakanusa, wakaniambia pole, wakaenda kwa wengine. Tulikula mihogo bila kitoweo, mke wa mvuvi! Mume wangu aliacha hata kusema yale machache aliyokuwa akisema. Na kila siku nilimwona jirani akipita na makapu yake makavu, na harufu nzuri ya changarawe yangu ikimfuata.

Mvua zikakatika. Siku ya mikeka ikapita bila mikeka. Akida alikuwa hajafika, walisema yuko njiani kutoka Ujiji. Wazee watatu hawakuwa wazee wa chochote tena, ila uwanja wangu ulibaki kwa jirani, maana hakuna aliyemwambia autoe.

Na katikati ya kungojea huko akatangaza arusi.

Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho kwa familia kubwa ya Ujiji, wafanyabiashara wa chumvi, watu wanaovaa kilemba hata siku ya kazi. Alikuwa amewaeleza kwamba yeye ndiye mkubwa wa mwalo wote, kwamba Rumonge nzima inamsikiliza. Alinunua mchele. Alichinja ng'ombe. Alitafuta wapiga ngoma kutoka Minago. Alifikiria kila kitu isipokuwa kimoja, na si ajabu, kwa sababu hakuwahi hata siku moja kulazimika kukifikiria.

Kwetu hakuna nyumba yenye mikeka zaidi ya ile inayolaliwa. Mtu akiwa na arusi au msiba, mikeka hutoka kwa majirani. Haiombwi. Kuiomba ni aibu, ni kama kuomba watu wakusikitikie. Asubuhi mwanamke huamka, hukunja mkeka wake, huuweka kichwani na kwenda nao, na jioni huurudisha ukiwa na harufu ya pilau. Jirani yangu aliona mikeka ikija maisha yake yote, akadhani inaota yenyewe. Alidhani mkeka una kazi siku moja tu kwa mwaka, na siku hiyo imefutwa na Wadachi.

Sikuitisha mkutano. Nilikwenda kuteka maji, kwa njia ile ile iliyofunguliwa na mzee mrefu, na kila mwanamke niliyekutana naye nilimwambia neno moja: "Alituambia tulalie." Hakuna aliyeniuliza nina maana gani. Yule aliyefiwa na mtoto alitua mtungi wake chini, akanikumbatia.

Siku ya arusi ikafika. Boti za Ujiji zilionekana kabla jua halijapanda, ngoma zikalia, vigelegele vikapigwa na jamaa wachache wa nyumba. Wageni walishuka na kanzu zao safi wakakuta uwanja mtupu uliofagiliwa vizuri sana. Wanawake wao walisimama na kanga mpya wakatafuta mahali pa kukaa. Walisimama. Sufuria zilikuwa zinatoa mvuke, na hapakuwa na mahali pa kuandalia chakula. Siafu walikuwa wamevuka kona moja ya ua, na watoto wa wageni walianza kurukaruka.

Kwanza alitoka mke wake. Alikwenda nyumba kwa nyumba, maskini, na sauti tamu. Nyumba ya kwanza mkeka ulikuwa umelowa. Ya pili mbuzi alikuwa amezalia juu yake. Ya tatu mwenye nyumba alisema, "Mukeka yetu? Iko na mugonjwa," na nyuma yake mgonjwa huyo alikuwa akicheza bao. Alirudi mikono mitupu, ametazama chini.

Mtu mmoja tu alipeleka. Mzee mrefu alitembea na mkeka wake wa mafunjo chini ya kwapa, akautandika katikati ya uwanja, akakaa, na akamkaribisha baba wa bwana arusi akae kando yake. Nilikasirika nilipomwona. Nilitaka uwanja ule ubaki mtupu kama kiganja.

Jua lilipofika utosini, jirani yangu akatoka mwenyewe. Kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. Nilimwona anakuja, nikaingia ndani, nikatandika mkeka wangu mlangoni kabisa, nikajinyoosha juu yake, macho wazi.

"Amahoro, mwanangu," alisema. Alikuwa amelikumbuka neno hilo baada ya mwaka mzima. "Watoto wameamkaje?"

"Wazima, muzee."

"Mwanangu, wageni wamesimama. Ni aibu ya mwalo wote. Mukeka wako..."

"Nalalia, muzee."

"Saa hii? Mchana?"

"Ulisema tulalie. Mimi nalalia tangu siku ile."

Alielewa. Niliona usoni kwake jinsi maneno yake mwenyewe yalivyomrudia, na nakiri kwamba sijawahi kula kitu kitamu hivyo. Nyuma yake, kwenye ua wa arusi, ngoma zilikuwa zimenyamaza. Binti yake alikuwa ndani na hina mikononi, akisikia kila kitu. Hakuwa amenikosea. Nilimwonea huruma, lakini huruma ile haikuninyanyua kutoka kwenye mkeka.

"Uwanja nitakurudishia," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikia."

"Uwanja ni wako. Kesho watumishi wangu wataondoka."

"Kasemee kule," nilimwambia, nikaonyesha kwa kidevu mahali baba wa bwana arusi alipokaa. "Kule watu wanasikia vizuri."

Akageuka, akaenda. Nilimfuata na mkeka wangu umekunjwa kichwani, na nilipotoka nikaona milango mingine inafunguka. Mbele ya wakwe zake, mbele ya kilemba na kanzu zote za Ujiji, alisema kwamba changarawe ile ni ya mama yangu, kwamba aliichukua, na kwamba ameirudisha. Baba wa bwana arusi alimtazama kwa muda mrefu.

Ndipo tukatandika. Sikumwambia mtu atandike wapi, nami sikufikiri. Miguu yetu ilizoea. Mzee mrefu alikuwa amekaa pale katikati, anatazama ziwa, na sisi tukaikung'uta mikeka na kuitandika nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka uwanja ukajaa. Yeye hakugeuka. Wageni wakakaa, wali ukapakuliwa. Baba wa bibi arusi alibaki amesimama kando ya sufuria, akijifanya anasimamia wapishi, kwa sababu kila mahali pa kukaa palikuwa nyuma ya mtu mwingine.

Alifunga virago miezi michache baadaye, akahamia Muhuta kwa mwanawe mkubwa. Sikumuaga. Alipofariki waliniletea habari, nikaendelea kugeuza ndagala zangu upande wa pili.

Zilikuwa zinakauka vizuri. Ningependa kumalizia hapa, na nikiwasimulia watu huwa namalizia hapa, wanacheka, nami nacheka nao.

Lakini akida alifika. Alikuwa mtu msafi, mwenye heshima, hakumtukana mtu yeyote. Alitembea mwalo wote na mkalimani, ingawa alijua Kiswahili kuliko sisi, akapenda upepo wa pale mto unapoingia ziwani, akaamuru nyumba ya kukusanyia kodi ijengwe pale juu ya changarawe yangu. Nilikunja mkeka wangu, nikauweka kwapani, nikaenda kumwona, maana sikujua njia nyingine ya kumwendea mkubwa. Wanawake wenzangu walinifuata na yao. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha kukunja. Alikuwa amekuja na viti vyake kutoka Ujiji, vya kumtosha yeye na wageni wake wote.

Nilisimama mbele yake. Aliutazama mkeka wangu, akaugusa kidogo kwa ncha ya bakora yake, akaniuliza kwa upole kama nauza.